Kutoa beringi zilizokwama kwenye ekseli ya mbele ya gari la barabara korofi

Beringi ya gurudumu la mbele inapogoma kutoka, mkono wa fundi hukimbilia nyundo kubwa, na hapo ndipo hasara huanzia. Beringi yenyewe imekwisha na inakwenda kutupwa. Vinavyobaki garini ni spindeli (bomba la chuma ambalo beringi hukaa juu yake), habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) na nakeli ya usukani (kipande kinachogeuka na gurudumu unapokata kona), navyo ndivyo vyenye bei kubwa na ndivyo vinavyopasuka, kupinda au kuchubuka pale nguvu inapopigwa mahali pasipostahili. Kwa hiyo, kabla ya kila pigo na kila mzunguko wa pula (kifaa cha kuvutia beringi), fundi anapaswa kujiuliza nguvu hiyo inapita wapi: je, inaielemea sehemu inayotupwa, au inaielemea sehemu inayobaki?

Kwanza hakikisha kwamba tatizo ni beringi kweli. Inua gurudumu, lishike juu na chini, kisha litikise. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki huku wewe ukiendelea kulitikisa. Mchezo ukipotea wakati breki imeshika, beringi ya gurudumu ndiyo iliyolegea, kwa kuwa breki imeunganisha habu na nakeli vikawa kitu kimoja. Mchezo ukibaki palepale, tazama beringi za kingpini au boljointi (viungo ambavyo nakeli hugeukia), maana huenda beringi za gurudumu ni nzima kabisa.

Aina mbili, matatizo mawili

Magari ya aina hii hujengwa kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza, inayopatikana kwenye ekseli ngumu za Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 na 80, Nissan Patrol za zamani na Land Rover Defender, ni ya beringi mbili za rola zenye umbo la koni ndani ya habu moja, zote zikikaa juu ya spindeli isiyozunguka. Ringi za nje hupigwa kwa kubana ndani ya habu, lakini ringi za ndani zimekusudiwa kuteleza juu ya spindeli kwa nguvu ya mkono tu. Jambo hili ni muhimu sana kulishika, kwa sababu maana yake ni kwamba ringi ya ndani iliyokwama juu ya spindeli haikuzaliwa hivyo. Ama maji yamepita kwenye oilsili (ringi ya mpira inayozuia grisi isitoke na maji yasiingie) na kuleta kutu, ama beringi ilikosa grisi ikapata joto kali hadi ringi ikazunguka na kung'ata chuma cha spindeli, ama kuna chembe au ncha ya chuma inayoizuia. Kila sababu ina tiba yake.

Njia ya pili, iliyotumika kwenye Jeep Wrangler TJ na Cherokee XJ, ni ya habu na beringi vilivyounganishwa kiwandani kuwa kitu kimoja kisichofunguliwa, ambacho hushikwa kwenye nakeli kwa bolti tatu zinazoingia kwa nyuma. Hapa beringi haikwami juu ya kitu chochote. Mwili wake wa nje ndio unaoganda ndani ya tundu la nakeli kwa kutu, na wakati mwingine meno ya shafti inayolizungusha gurudumu nayo huganda ndani ya habu.

Kulizuia gari lisitembee

Watu wengi hulitegemea gari kwa kuliacha kwenye gia au kwenye alama ya P. Kwa gari lenye difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) iliyo wazi, yaani isiyofungwa, tegemeo hilo ni la uongo. Ukishaliinua gurudumu moja la mbele, au ukishaifungua flanji inayounganisha shafti na habu, shafti hiyo inaweza kuzunguka bure, na difu ya kati itaiachia njia hiyo nguvu yote huku gari likianza kuteremka. Weka kabari imara mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, funga breki ya mkono, simamisha gari kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, kisha uegemeze ekseli juu ya stendi badala ya kuiacha juu ya jeki. Kazi ya beringi zilizokwama ina mivuto na mapigo ya ghafla, na jeki haikutengenezwa kwa mambo hayo.

Vaa miwani ya kinga tangu mwanzo hadi mwisho. Chuma cha beringi kimetiwa ugumu kwa joto kikawa kigumu sana, na kikipigwa moja kwa moja kwa nyundo ya chuma hurusha vipande vidogo kwa kasi ya kutisha.

Kufika kwenye beringi

Fungua kalipa ya breki na uitundike kwa waya kwenye springi au chasisi, usiiache ikining'inia kwa hosi yake. Kama kuna sensa ya ABS, itoe mapema na kuiweka mbali, kwa kuwa joto na mtikisiko huiua haraka.

Kwenye Land Cruiser, baada ya kutoa kifuniko cha grisi na klipu iliyo kwenye ncha ya shafti, utafungua nati sita za flanji na kukuta kwamba flanji haitoki. Sababu ni washa za koni zilizojibana kwenye kila stadi (bolti isiyo na kichwa). Usiipenyezee flanji tindo. Rudisha nati zifike usawa wa ncha za stadi ili kulinda nyuzi, kisha uipige flanji pembeni mwa kila stadi kwa nyundo na panchi ya shaba ya njano. Washa zitaruka zenyewe kutoka katika viti vyake, na kila moja itaonekana ikichungulia kwa mpasuko wake mwembamba, tayari kutolewa kwa koleo. Flanji za magari mengi ya aina hii zina matundu mawili yenye nyuzi, yaliyowekwa makusudi ili uingize bolti mbili na kuisukuma flanji nje kwa usawa.

Nati za spindeli zifunguliwe kwa soketi yake halisi, ambayo ni ya milimita 54 kwa Land Cruiser na milimita 52 kwa Defender. Tindo na nyundo huzifungua pia, lakini huacha ncha zilizovimba juu ya nyuzi, na ncha hizo ndizo baadaye huizuia beringi ya nje, yaani ile iliyo mbali na katikati ya gari, isiteleze. Kabla ya kufungua, kunjua kabisa ndimi za washa ya kufungia. Ukimaliza, pitisha kidole na tochi kwenye mfereji wa spindeli, mahali ulimi wa washa unapokaa. Kipande cha ulimi kilichokatika na kulala ndani ya mfereji huo kinatosha kuishikilia ringi ya beringi ya nje kama kabari, na fundi asiyekiona atahangaika kwa nyundo bila mafanikio. Kilegeze kwa ncha ya bisibisi, kisha usawazishe kingo za mfereji kwa tupa laini.

Sasa itikise habu kushoto na kulia kwa mikono miwili. Mara nyingi beringi ya nje hujisukuma yenyewe mbele. Isipotoka, rudisha nati moja kwa mizunguko michache, ili habu nzito isikuangukie miguuni, kisha uvute na kutikisa tena. Habu ikitoka huku ikiiacha beringi ya ndani nyuma, juu ya spindeli, pamoja na mabaki ya oilsili iliyochanika, basi umefika kwenye kazi yenyewe.

Ringi ya ndani iliyogandia spindeli

Anza kwa kusafisha. Ondoa oilsili iliyochanika, futa grisi yote, piga brashi ya waya mahali ringi inapokutana na spindeli, kisha weka mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili za ringi. Mafuta haya hupenya kwa muda, si kwa wingi. Yaweke, gonga ringi kidogo kuzunguka kwa panchi ya shaba ili mtikisiko uyafungulie njia, uyaache, kisha urudie. Ukiweza kuyaacha usiku kucha, fanya hivyo.

Ni vizuri kujua umbo la kitu unachokivuta. Ringi ya ndani ya beringi ya koni ina upande mwembamba na upande mnene, na kwenye beringi ya ndani ya gurudumu upande mnene huelekea katikati ya gari, ukiegemea bega la spindeli. Nafasi ya kuingiza miguu ya pula nyuma yake ni finyu, na wakati mwingine haipo kabisa. Rola na fremu inayozishika huzidi kuziba njia, kwa hiyo zitoe kwanza: kata fremu kwa koleo au tindo dogo, rola zidondoke, nawe utabaki na ringi tupu inayoonekana pande zote.

Kifaa bora hapa ni klampu ya mapande mawili yenye makali, ile inayofungwa kwa bolti mbili na kujipenyeza nyuma ya ringi inapokazwa. Ikaze kidogo upande huu na kidogo upande ule, ili ringi isogee walau kwa unene wa ukucha. Hatua hiyo ya kwanza ndiyo ngumu. Ikishatokea, miguu ya pula hupata pa kushika, na bolti ya katikati ya pula inaweza kusukuma dhidi ya ncha ya spindeli. Kumbuka kwamba spindeli ni bomba lenye shafti ndani yake. Bolti ya pula isiegemee shafti, bali iegemee sahani nene ya chuma iliyolala juu ya mdomo wa spindeli, nayo nati irudishwe kwenye nyuzi ili mdomo huo usifunguke wala kuharibika. Kaza pula mpaka ivute kwa uzito, kisha uiache ikiwa imekazwa na ugonge ringi kuizunguka. Mvuto wa kudumu pamoja na mtikisiko hufanya kazi kubwa kuliko mvuto mkali peke yake.

Isiposogea, tumia joto. Chuma hutanuka takriban sehemu 12 kwa milioni kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Ringi yenye kipenyo cha ndani cha milimita 45 ikiwa na joto la digrii 100 zaidi ya spindeli, tundu lake hupanuka kwa milimita 0.054, na mshiko wa kutu kwa kawaida hauhitaji zaidi ya hapo. Siri iko katika neno "zaidi ya spindeli". Ukipasha polepole kwa muda mrefu, joto litaingia kwenye spindeli nayo itanuke pamoja na ringi, na utakuwa umechoma gesi bure. Pasha ringi peke yake, haraka, ukizungusha mwali bila kuusimamisha mahali pamoja, huku pula ikiwa imekwisha kukazwa. Tone la maji likiruka na kuchemka papo hapo juu ya ringi, joto limetosha kuanza kuvuta. Ukiona spindeli inageuka rangi ya buluu, umekwisha kuvuka digrii 300 hivi, na ugumu wa uso wake unaweza kuwa umeathirika.

Kabla ya kuwasha mwali, futa grisi na mafuta ya kulegeza kutu, sogeza hosi na waya, na uwe na kizimamoto karibu. Kuna hatari moja ambayo haizungumzwi vya kutosha: baadhi ya dawa za kusafishia breki zina klorini, na mabaki yake yakikutana na moto hutoa fosijeni, gesi yenye sumu kali hata kwa kiasi kidogo. Kama ulisafisha kwa dawa ya namna hiyo, usipashe moto sehemu hiyo. Tumia dawa isiyo na klorini tangu mwanzo, iache ikauke kabisa, na ufanye kazi mahali penye hewa ya kutosha.

Ringi iliyong'ata spindeli kwa sababu ya joto la kukosa grisi huenda isitii hata moto. Hiyo ikatwe. Funga nyuzi za spindeli kwa kitambaa kinene au bomba la chuma, chukua grinda yenye diski nyembamba ya milimita 1, na uchonge mfereji wa kukingama, kuanzia ukingo mmoja wa ringi hadi mwingine. Upande mnene unahitaji mfereji wenye kina zaidi kuliko upande mwembamba, na hapa ndipo wengi hukosea: hukata kina kilekile kotekote, wakagusa spindeli upande mwembamba huku upande mnene ukiwa bado mzima. Lengo si kuikata ringi mpaka mwisho. Acha kama milimita 1 ya chuma, weka tindo kali ndani ya mfereji, funika kwa kitambaa kizito, kisha upige pigo moja thabiti. Kwa kuwa chuma hiki ni kigumu, hakipindi, bali hupasuka, na utasikia mlio mfupi mkavu. Baada ya mlio huo ringi huwa imeachia, na mara nyingi huteleza kwa mkono.

Nafasi ya grinda ikiwa finyu mno, usilazimishe. Kwenye Land Cruiser, spindeli imefungwa kwenye nakeli kwa bolti, nayo hutoka pamoja na ringi iliyoigandia. Ifungue, uifunge kwenye jiliwa lenye taya laini au uipeleke kwenye preshi, ambako unaona kila upande na nguvu inakwenda moja kwa moja. Ninaamini hatua hii inastahili kuchukuliwa mapema kuliko wengi wanavyoichukua, kwa sababu bolti chache za ziada si kazi nzito ukilinganisha na spindeli iliyochongwa na grinda kwa bahati mbaya.

Ringi za nje zilizobaki ndani ya habu

Hizi hubana kwa asili yake, na kutoka kwa shida si dalili ya ubovu. Ndani ya habu, nyuma ya kila ringi, kuna vijidirisha viwili vinavyotazamana ambavyo huacha ukingo wa ringi wazi. Weka panchi ya shaba hapo, piga kidogo, hamia upande wa pili, piga tena, na usikilize. Ringi inayosogea sawa hutoa mlio uleule kila upande, na ile iliyolala kishazari hutoa mlio mzito upande mmoja. Ukisikia tofauti hiyo, irudishe iwe sawa kwanza, la sivyo itachimba ukuta wa habu.

Ringi isiyotikisika kabisa huondolewa kwa kulehemu. Pitisha mstari mmoja wa wildingi kuizunguka kwa ndani, mahali rola zilipokuwa zikipita, bila kugusa habu. Mstari huo unapopoa husinyaa na kuivuta ringi nayo isinyae, na mara nyingi hudondoka yenyewe habu inapogeuzwa. Fanya kazi hii habu ikiwa mezani. Kama kuna ulazima wa kulehemu chochote kingali kwenye gari, tenganisha betri na uweke klempu ya ethi karibu kabisa na mahali pa kulehemu, ili umeme usipite kwenye beringi nyingine.

Habu nzima iliyoganda ndani ya nakeli

Kwa habu ya kipande kimoja, fungua kwanza nati ya shafti, ambayo ni ya milimita 36 kwenye TJ na XJ, gurudumu likiwa bado chini. Kisha irudishe mpaka iwe usawa na ncha ya shafti, na ujaribu kuisukuma shafti ndani kwa pula ya flanji. Meno yaliyoganda yaachie hapa, kabla hujagusa bolti za nyuma, kwa kuwa habu ingali imeshikwa imara.

Bolti tatu za nyuma zina vichwa vya pembe 12 vya milimita 13, na vichwa hivyo huviringika haraka soketi isipokaa vizuri. Safisha kutu kwenye kichwa, gonga soketi iingie hadi mwisho, ndipo ufungue. Usizitoe zote. Zirudishe nyuma kwa milimita 5 au 6, nyuzi nyingi zikiwa bado zimeshika, na uweke mafuta ya kulegeza kutu kwenye mshono wa mbele na wa nyuma. Weka soketi juu ya kichwa cha bolti ya kwanza, piga kwa nyundo kupitia kipande cha chuma, hamia ya pili, kisha ya tatu, na urudi ya kwanza. Unaisukuma habu kwa pointi tatu, kidogo kidogo. Ukishikilia bolti moja, habu italala upande na kujibana zaidi ya ilivyokuwa mwanzo.

Mshono ukishafunguka hata kwa upana wa karatasi nene, tindo pana lenye mwinuko mdogo linaweza kuingizwa kati ya habu na nakeli, likihamishwa kuzunguka. Nyundo ya kuteleza (uzito unaoteleza kwenye fimbo na kuvuta kwa mapigo) inayofungwa kwenye stadi za gurudumu husaidia pia, ila ifahamike kwamba habu iliyochoka inaweza kuachana katikati, flanji na sehemu za ndani zikatoka mkononi huku mwili wa nje ukibaki kwenye nakeli. Hilo likitokea, mwili huo hutolewa kwa bolti zilezile tatu au hukatwa kama ringi.

Wapo wanaotumia nguvu ya usukani: huweka kipande cha chuma kati ya kichwa cha bolti na ekseli, kisha wakazungusha usukani injini ikiwa imewashwa. Njia hii hufanya kazi, lakini naiweka mwisho. Nguvu yote hupita kwenye tairodi (fimbo za usukani) na viungo vyake, na kipande cha chuma kikiponyoka huruka kama risasi. Ikibidi kuitumia, asiwepo mtu karibu na gurudumu, usukani uzungushwe polepole, bolti zibadilishwe kwa zamu, na kazi isimamishwe mara tu habu inapokataa msukumo mdogo. Bolti hizo zisirudishwe garini baada ya kazi hii.

Kukagua kiti kilichobaki

Safisha spindeli mpaka chuma kionekane na uipime kwa maikromita mahali pawili kila kiti, kwa mwelekeo wa wima na wa ulalo, kisha ulinganishe na mahali ambapo ringi haikufika. Kutu ya juujuu na vidonda vidogo vinaondolewa kwa msasa laini wenye mafuta, ukizungusha kwa mwelekeo wa mzingo. Ringi mpya iteleze kwa mkono bila kucheza. Ikikataa kuingia, tafuta kidonda kilichoinuka ukiguse kwa tupa, usipige ringi mpya. Ikicheza, au ukihisi ngazi kwa ukucha pale ringi ya zamani ilipozunguka, spindeli hiyo imekwisha, na gundi ya kushikizia beringi haitairudishia kipimo chake mahali ambapo uzito wa gari na mishtuko ya mawe hupita kila siku. Alama ya buluu iliyo pana nayo inatosha kuikataa.

Kwenye nakeli, kwangua kutu yote ya tundu na uso ambao habu huegemea, kwa kuwa ganda dogo la kutu lililobaki huiweka habu mpya kishazari, na bolti zitalegea zenyewe baada ya safari chache. Paka kifuniko chembamba cha grisi ya kuzuia kutu kwenye tundu, si kwenye nyuzi za bolti, ili atakayeifungua siku nyingine aitoe kwa mkono. Ringi za ndani na za nje hubadilishwa pamoja kila mara, kwa maana rola mpya zikipita kwenye njia iliyochakaa, beringi hiyo haitadumu.